wchar_t ni mtego, acheni kuwafundisha vijana

Najua nimepotea kidogo, kazi zimenizidi. Leo nimerudi nikiwa na hasira, kwa hivyo mnivumilie, sitaongea kwa upole.

Juzi kijana mmoja wa chuo aliniandikia baruapepe: "Kaka, habari. Nataka programu yangu ya C isome majina yenye alama, kwenye Linux na kwenye Windows. Mwalimu ametuambia tutumie wchar_t. Je, hiyo inatosha?"

Haitoshi, ndugu yangu. Hiyo ndiyo shida yenyewe! Na kinachoniudhi ni kwamba mimi pia nilifundishwa hivyo hivyo, nikaamini, na imani yangu ikaja kumtesa mama wa watu ambaye hata hajui C ni nini.

Nisimulie. Miaka kadhaa iliyopita chama kimoja cha akiba kilinipa kazi ya kuandika programu ya daftari la wanachama (jina la chama nitaliacha). Niliiandika kwa C tupu kwa sababu tarakilishi zao zilikuwa kuukuu na hazikuweza kubeba kitu kizito. Ofisi ndogo ya kijijini ilikuwa na Linux niliyoiweka mwenyewe, ofisi kuu ilikuwa na Windows, na data ilisafirishwa kwa flashi mfukoni mwa karani. Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu, alikuwa na sharti moja tu: majina ya watu yaandikwe yanavyostahili. Mũthoni, si Muthoni. Wanjirũ, si Wanjiru. Kwa wasiojua Kikuyu, ũ na u ni vokali mbili tofauti, na ĩ na i vilevile. Kile kiwimbi cha juu si pambo. Wakamba nao wanazo herufi hizo.

Basi nikafanya nilivyofundishwa. Kila jina likawa safu ya wchar_t, kila mfuatano wa herufi nikautanguliza na ile L, na mwisho nikamwaga safu nzima kwenye faili kwa fwrite. Kwenye Linux ilienda kama maji. Nikabeba flashi mpaka ofisi kuu, nikafungua daftari mbele ya kamati nzima... na kila mwanachama akawa na jina la herufi moja. M. W. N. M. K. Kamati ikanitazama, nami nikatazama sakafu.

Mkosi ulikuwa huu. Kwenye Linux wchar_t ina baiti 4. Kwenye Windows ina baiti 2. Herufi W iliyoandikwa na Linux ni baiti 57 00 00 00. Windows inasoma mbili za kwanza inapata W, inasoma mbili zinazofuata inapata sufuri, na katika C sufuri maana yake jina limeisha. Kwaheri Wanjirũ.

Hilo kosa la kwanza nalisamehe, kwa sababu lilipiga kelele. Kila mtu aliliona siku hiyo hiyo. La pili ndilo lililoninyima usingizi.

Niliamua kwamba faili la kusafirisha liwe la maandishi ya kawaida. Kwenda kulikuwa sawa: Linux ilitoa UTF-8, Windows ikaisoma kwa MultiByteToWideChar na CP_UTF8, majina yakatokea na viwimbi vyake, mwalimu akatabasamu. Kurudi nikatumia WideCharToMultiByte na CP_ACP, jinsi mfano niliouokota mtandaoni ulivyofanya. CP_ACP maana yake ni jedwali la herufi la mashine yenyewe, na mashine ile ilikuwa na Windows-1252. Jedwali hilo lina é ya Wafaransa, lina ñ ya Wahispania, lina ß ya Wajerumani. ĩ na ũ hazimo.

Sasa niambieni, fankisheni ya ubadilishaji ikikuta herufi isiyokuwemo kwenye jedwali ifanye nini? Mtu mwenye akili timamu atasema ikatae, itoe kosa. Windows haikatai! Usipoipa bendera ya WC_NO_BEST_FIT_CHARS inatafuta herufi "inayofanana", inaondoa kiwimbi, inaandika u, na kukurudishia jibu kwamba kazi imekamilika vizuri. Mũthoni aliondoka kijijini akarudi Muthoni. Na kwa kuwa "Muthoni" ni UTF-8 halali kabisa, upande wa Linux haukuwa na la kulalamikia. Programu yangu ilitafuta Muthoni kwenye daftari, ikamkosa, ikamfungulia ukurasa mpya wenye salio la sufuri.

Mtauliza kwa nini sikutumia nambari za wanachama. Walikuwa hawana, chama kilianza na daftari la karatasi na majina. Hata hivyo ningewapa, na lawama hiyo naibeba. Lakini siku mama mmoja alipokuja kuchukua akiba yake alipie karo, karani akabonyeza kibodi na kumwambia "wewe huna kitu hapa". Pesa zake zilikuwa salama, zimekaa kwa Mũthoni. Wao walikuwa wanamtazama Muthoni. Ilibidi niketi na yule mwalimu siku mbili nzima, yeye akisoma daftari la karatasi kwa sauti, mimi nikirudisha viwimbi kimoja kimoja.

Nikitoa kisa hiki kuna mtu huniambia, "Hayo ni mambo ya Kikuyu, mimi naandika Kiswahili, na Kiswahili ni ASCII tupu." Ati ASCII tupu? Andika neno ng'ombe kwenye programu ya ofisi ya kuandikia nyaraka. Ile alama ya ritifaa uliyobonyeza inageuzwa yenyewe kuwa ile iliyopinda, ’, ambayo kwenye Unicode ni U+2019 na kwenye UTF-8 ni baiti tatu: E2 80 99. Mpe faili hilo mtu anayesoma kwa Windows-1252 naye atapata ngâ€™ombe. Mmeliona dubwana hilo mara ngapi kwenye tovuti zetu? Ng'ombe, ng'ambo, Mũrang'a, Thiong'o, zote zimo hatarini. Hakuna lugha iliyo salama kwa kuwa mwenyewe anaidhani rahisi.

Na si suala la majina tu. Mwezi Juni 2024 ilitangazwa kasoro ya PHP kwenye Windows, ile inayoitwa CVE-2024-4577, na chanzo chake ni ugonjwa huu huu wa "inayofanana". PHP ilikuwa imeziba tundu la mwaka 2012 kwa kuangalia kama ombi la mgeni linaanza na kistari. Sasa kuna herufi nyingine, kistari laini, U+00AD, ambayo si kistari cha kawaida. Ukaguzi ukaipitisha. Kisha kwenye mashine za majedwali ya Kichina na Kijapani Windows ikaigeuza kuwa kistari cha kawaida, na mgeni akaweza kuipa PHP amri zake kwenye seva ya watu. Kiwimbi kimoja kimemnyima mama karo, kistari kimoja kimefungua seva.

Turudi kwa wchar_t na wanaoitetea. Wanasema ndiyo njia rasmi, imo kwenye kiwango cha C. Imo, lakini kiwango hakikusema ina ukubwa gani! Microsoft waliamua mapema. Unicode ya kwanza ilitoka 1991 na watu waliamini biti 16 zitatosha lugha zote za dunia, yaani nafasi 65,536. Windows NT ikatoka 1993 ikiwa imejengwa juu ya imani hiyo. Siwacheki kwa hilo, wakati ule ilikuwa busara. Kisha 1996 Unicode 2.0 ikavuka mpaka huo, na herufi za ng'ambo ya mpaka zikaanza kuandikwa kwa jozi ya vipande viwili vya biti 16. Uso unaotabasamu, U+1F600, kwenye Windows ni D83D ikifuatwa na DE00. Kwa hivyo ile ahadi ya wchar_t kwamba kila herufi ni kipande kimoja imekufa kwenye Windows tangu karne iliyopita, na bado kuna watu wanaifundisha darasani.

Je, kwenye Linux ambako ni biti 32, imepona? Hata huko haijapona. ũ inaweza kuandikwa kama U+0169, kipande kimoja, au kama u ya kawaida ikifuatwa na U+0303, kiwimbi kinachojiunga. Zote mbili ni halali, zote zinaonekana sawa kwenye kioo, lakini wcslen itakupa 1 kwa ya kwanza na 2 kwa ya pili. Ukifungua faili la Mac lililohifadhiwa enzi za HFS+, jina lake limetenganishwa namna hiyo, na strcmp yako itaapa kwamba hawa ni watu wawili. (Dawa ni kuyaunganisha upya yanapoingia. Maktaba ya utf8proc ni ndogo na ni ya C, haina makuu.)

Halafu kuna visa vidogo vidogo vya kukuzeesha. %s ndani ya wprintf: kwenye kiwango cha C maana yake ni char, kwenye kompaila ya Microsoft kwa kawaida maana yake ni wchar_t. Msimbo ule ule, takataka tofauti. Changanya printf na wprintf kwenye stdout moja, na kwenye glibc nusu ya maandishi yako yatapotea bila neno.

Na mbstowcs ndiyo usiniambie. Hiyo hutegemea mpangilio wa lugha wa mashine. Usipoita setlocale unabaki na mpangilio wa "C" na ũ inagoma. Ukiita setlocale(LC_ALL, "") umeikabidhi programu yako kwa mazingira ya mtumiaji, na akiwa na mpangilio wa Kijerumani 1.5 yako inaandikwa 1,5 kwenye faili. Mimi ilinifanya hivi: mchana mezani kila kitu safi, usiku cron ikiendesha programu ile ile majina yote yanakataliwa. Cron haikuwa na LANG. Programu ile ile, tarakilishi ile ile, saa tofauti!

Basi nifanyeje, mtasema. Mimi nimeacha. Ndani ya programu zangu maandishi yote ni UTF-8 kwenye char ya kawaida, mwanzo hadi mwisho, kwenye Linux, kwenye Mac, kwenye Windows, kwenye faili, kwenye mtandao. UTF-8 ilibuniwa na Ken Thompson akiwa na Rob Pike mwezi Septemba 1992, kwenye karatasi ya mezani katika mkahawa mmoja wa New Jersey, na kwa maoni yangu hakuna karatasi ya mkahawa iliyowahi kufanya kazi kubwa kuliko ile. ASCII inabaki kama ilivyo. Sufuri haitokei katikati ya herufi, kwa hivyo strlen, strcmp na strstr zinaendelea kufanya kazi. Haijali mashine inaanza na baiti kubwa au ndogo.

Ubadilishaji unafanyika mlangoni tu, pale unapolazimika kuzungumza na Windows. Mlango wenyewe ni huu, nimeunakili kutoka kwenye kazi zangu:

#ifdef _WIN32
static wchar_t *kwa_utf16(const char *s)
{
    wchar_t *w;
    int n = MultiByteToWideChar(CP_UTF8, MB_ERR_INVALID_CHARS, s, -1, NULL, 0);
    if (n == 0) return NULL;
    w = malloc((size_t)n * sizeof *w);
    if (w && MultiByteToWideChar(CP_UTF8, MB_ERR_INVALID_CHARS, s, -1, w, n) == 0) {
        free(w);
        return NULL;
    }
    return w;
}
#endif

FILE *fungua(const char *jina, const char *namna)
{
#ifdef _WIN32
    FILE *f = NULL;
    wchar_t *j = kwa_utf16(jina);
    wchar_t *m = kwa_utf16(namna);
    if (j && m) f = _wfopen(j, m);
    free(j);
    free(m);
    return f;
#else
    return fopen(jina, namna);
#endif
}

Mnaona, wchar_t ipo. Inazaliwa, inaingia _wfopen, inakufa. Haipewi chumba ndani ya nyumba. Ile MB_ERR_INVALID_CHARS msiisahau, bila hiyo baiti mbovu zinapita zikiwa zimevalishwa U+FFFD na hutajua kamwe jina lilikuwa nani. Na hiyo -1 inahesabu pamoja na sufuri ya mwisho. Ukiipa urefu wako mwenyewe sufuri haiji, uiweke kwa mkono.

Kwenye Windows msiamini argv ya main, kwani majina humo yameshapitia jedwali la mashine na viwimbi vimeshanyolewa kabla mstari wako wa kwanza haujaanza. Tumieni wmain, mbadilishe kwenda UTF-8 hapo hapo.

Kwa faili za zamani zenye majedwali mengine, Unix ina iconv na ni chombo kizuri, ila watu hawasomi makosa yake. Wakiona -1 wanakata tamaa, au mbaya zaidi wanaruka. Makosa ni matatu, na hayafanani hata kidogo. E2BIG ni bafa yako ya kutolea imejaa, ongeza nafasi uendelee. EILSEQ ni baiti mbovu kweli, au herufi isiyo na nafasi upande wa pili. EINVAL ni herufi iliyokatwa mwishoni mwa bafa. Hii ya mwisho si kosa la mtu! Unasoma faili baiti 4096 kwa mkupuo, ũ ni C5 A9, na siku moja C5 itaangukia nafasi ya mwisho na A9 itasubiri mkupuo ujao. Sogeza baiti iliyobaki mwanzoni mwa bafa, soma tena, endelea. Nimeona programu zinazotupa baiti hiyo, na mwenye nayo anashangaa kwa nini majina yanaharibika "mara moja moja". Na anayeandika //IGNORE au //TRANSLIT kwenye data ya watu ili makosa "yaishe", huyo anarudia dhambi yangu ya CP_ACP kwa hiari yake.

Ukali huo si ubahili. Mwaka 2000 seva ya IIS ya Microsoft ilikubali baiti C0 AF kama mkwaju, yaani / iliyoandikwa kwa urefu usioruhusiwa. Ukaguzi ulitafuta / ya kawaida, haukuiona, na wageni wakatembea folda za watu. Mwaka uliofuata kirusi cha Nimda kilitumia tundu hilo. Msomaji wa UTF-8 anayekubali umbo refu la herufi fupi hajakamilika.

Jambo jingine ni ukataji. "Ngũgĩ" ni herufi 5 lakini baiti 7, na strncpy haijui hilo. Ukilazimika kukata, rudi nyuma maadamu baiti inayofuata mkato, ikifanyiwa & 0xC0, inatoa 0x80. Mstari mmoja tu wa msimbo.

Wengine wataniambia nitumie ICU tuache kelele. ICU ni maktaba kubwa na nzuri, ukihitaji kupanga majina kwa kanuni za kila lugha nenda nayo. Lakini data yake ni makumi ya megabaiti na ndani yake ni UTF-16. Kuibeba ili ufungue faili moja ni kukodi lori kubeba mkate.

Hata Microsoft wamegeuka. Tangu Windows 10 toleo la 1903, la mwaka 2019, unaweza kutangaza kwenye manifesti ya programu kwamba jedwali lako ni UTF-8, na zile fankisheni zenye A mwishoni zikakuelewa. C23 nayo imeleta char8_t. Lakini ofisi zetu mnazijua, Windows 7 bado inapumua pale nyuma ya kaunta, kwa hivyo mlango wangu siung'oi.

Kwa kijana aliyeniandikia: kabla ya kuandika chochote kingine tengeneza faili lenye mistari minne. Wa kwanza Ngũgĩ. Wa pili ng’ombe yenye ritifaa iliyopinda. Wa tatu ule uso unaotabasamu. Wa nne baiti C5 peke yake, bila mwenzake. Peleka Linux, peleka Windows, rudisha Linux, kisha linganisha baiti kwa baiti. Mitatu ya kwanza irudi ilivyoondoka, wa nne ukataliwe kwa sauti na nambari ya mstari itajwe. Ukikwama mahali, nitumie msimbo wako.